Walianza na mbao: Games Workshop ya 1975 na biashara yetu ya bao hapa Dar

Games Workshop leo ni kampuni kubwa kweli kweli, makao yake yapo Nottingham kule Uingereza, imeingia soko la hisa la London 1994 na Desemba 2024 ikapanda mpaka kwenye FTSE 100, ile orodha ya makampuni 100 makubwa ya soko hilo, na kinachoilisha ni visanamu vidogo vya askari na majitu ambavyo watu wananunua, wanakaa nyumbani wanavipaka rangi wenyewe alafu wanakutana mezani kuvipiganisha kwa dadu. Wengi wanaoijua wanaijua hivyo. Mimi nataka niongelee ile miaka ya mwanzo tu, 1975 mpaka 1979 hivi, maana ndo miaka iliyonifundisha kazi ninayofanya sasa kuliko semina zote za ujasiriamali nilizokalia viti, na maana kitu cha kwanza kabisa walichouza hawa jamaa kilikuwa mbao za michezo za kutengeneza kwa mkono. Backgammon, Go, halafu ule mchezo mwingine wa kale wa kupanga kete 3 kwa mstari unaoitwa Nine Men's Morris, na mancala, yaani ukoo ule ule wa bao letu. Kampuni ya mabilioni ya pauni ilianza kwa kutoboa mashimo kwenye ubao kama fundi yoyote wa Mwenge.

Walikuwa watatu, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, wamesoma sekondari moja, Altrincham Grammar School, alafu wamekuja mjini wakapanga fleti moja ya ghorofani pale 15 Bolingbroke Road, Shepherd's Bush, magharibi ya London. Hakuna aliyekuwa na hela. Livingstone na Jackson walikuwa wanapenda kucheza kupita kiasi, Peake ndo alikuwa na mikono, yeye ndo anakata mbao, anatoboa, anasaga, anapiga vanishi, fleti yenyewe ndo ghala ndo karakana.

Hii habari niliipata wakati naishi huko huko. Nilikuwa nafanya kazi za kupanga mizigo usiku, na kwenye zamu yetu kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, mpole, ambaye kila mapumziko anatoa mfukoni dadu zake za pande nyingi anachezea tu vidoleni kama mtu anayevuta tasbihi. Siku moja nikamuuliza ni za nini. Akaniambia mwaka 1978 akiwa kijana wa shule alipanga foleni Hammersmith duka la kwanza la Games Workshop lilipofunguliwa, akaanza kunisimulia kuanzia hapo, na nilipomtajia bao akasema mbona hao walianza na vitu vya namna hiyo hiyo. Mimi nimekulia Magomeni, babu yangu alikuwa mtu wa kijiweni, bao nimelijua kabla sijajua kusoma. Toka siku hiyo nikawa nasoma kila nilichokipata kuhusu miaka yao ya mwanzo, na niliporudi Dar nikamtafuta mshkaji wangu wa utotoni ambaye ni fundi mchongaji, na mwenzetu wa tatu aliyekuwa anajua mahesabu na kompyuta, tukaanza.

Tulianza na bao kama wao walivyoanza na mbao zao. Na hapa niwaelezee kazi ya fundi wetu maana inastahili kuelezewa. Anachukua kipande cha mninga kilichokauka vizuri, anakiranda, anapiga mistari kwa penseli, safu 4 za mashimo 8, jumla 32. Yale ya kawaida anayachimba duara kwa patasi ya mviringo, anazunguka taratibu, anapuliza vumbi, anaingiza kidole kupima kina kwa sababu shimo likiwa na kina sana kete hazitoki kwa mkupuo mmoja wa vidole na mchezaji wa haraka atalichukia hilo bao maisha yake yote. Alafu inakuja nyumba, yaani lile shimo maalumu la kila mchezaji, ziko mbili, moja kila upande. Nyumba anaichonga mraba. Hapo anabadilisha patasi, anachukua nyembamba, na kona nne za lile shimo zinamchukua muda karibu sawa na safu nzima ya mashimo ya duara, maana mninga ukichomwa patasi kinyume na nyuzi zake unapasuka na bao zima limekwisha. Akimaliza msasa mara tatu, mafuta, na kete za komwe 64 zilizochaguliwa zikalingana. Ukiweka mkono juu ya bao lake unajua tu.

Yakauzwa? Yaliuzwa, kiasi. Wageni walinunua wakapeleka kwao kuweka ukutani au juu ya meza ya sebuleni. Hoteli moja ikachukua kadhaa ya mapambo. Hela ikaja lakini mteja hakurudi, na kwa nini arudi, ukuta ni mmoja. Watu wa vijiweni wao, ambao ndo wanaocheza, walishika lile bao wakalisifu sana, wakampa fundi mkono, alafu wakarudi kwenye bao lao la miaka mingi lililochakaa ambalo bado linafanya kazi vizuri tu. Bao halihitaji chaji wala bando, ukilinunua umemaliza. Hapo ndo nikaielewa ile fleti ya Shepherd's Bush, kwamba na wao mbao peke yake zisingewafikisha popote, na ukisoma vizuri utaona kilichowabeba kilikuwa karatasi.

Februari 1975 walianza kutoa kijarida kinaitwa Owl and Weasel. Usifikirie gazeti la maana, ni kurasa chache tu, wameandika wenyewe, wanakitumia kwa posta kwa kila mtu waliyemfahamu au kumsikia anapenda michezo. Ndani kuna habari za michezo mipya, maoni, nani anacheza nini, nani anatafuta mpinzani. Yaani waliwakusanya watu kwanza kabla ya kuwa na kitu kikubwa cha kuwauzia. Na kopi moja ya hicho kijarida ikavuka bahari ikamfikia Brian Blume kwenye mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin huko Marekani. Blume alikuwa mmoja wa wenye kampuni changa inaitwa Tactical Studies Rules, TSR, na yeye akawarudishia kopi moja ya mchezo waliokuwa wameutoa mwaka uliopita, Dungeons & Dragons.

Livingstone na Jackson wakaucheza, wakazama moja kwa moja. Ni mchezo usio na ubao, mmoja anasimulia, wengine ni wahusika ndani ya simulizi, dadu inaamua mambo ya bahati, na hauna mshindi wala mwisho. Kwa mtu aliyekua anasikiliza hadithi za bibi mpaka usingizi unamchukua, hakuna haja ya kueleza zaidi kwa nini unanasa. Wakaagiza kopi 6. Sita tu, ndo hela waliyokuwa nayo. Na kwa hizo 6 wakapewa haki ya kuwa wasambazaji pekee wa mchezo huo Ulaya nzima kwa miaka 3.

Mimi hii sehemu nimeisoma mara nyingi sana, kwa sababu watu wengi wanaisimulia kama bahati. Sioni bahati. Blume hakuwa amepata oda kutoka kwa tajiri wa Ulaya, alichokuwa nacho mkononi ni kijarida kinachoonyesha kwamba kuna vijana London wana orodha ya watu wanaopenda michezo na wanaongea nao kila mwezi. Hicho ndo alichokiona. TSR wenyewe walikuwa wadogo vile vile, mchezo wao ulitoka 1974 kopi 1,000 tu kwa dola 10 kila moja, kwenye boksi lenye vijitabu 3, maboksi wanayapanga wenyewe nyumbani kwa mmoja wao, Don Kaye. Gary Gygax, aliyeuandika mchezo akishirikiana na Dave Arneson, alikuwa amepoteza kazi ya bima Chicago, akawa anatengeneza viatu ili familia ile. Dadu zile za pande nyingi walizipata kwa wauzaji wa vifaa vya kufundishia hesabu shuleni. Na zile kopi 1,000 ziliisha ndani ya mwaka. Kwa hiyo ni wadogo wawili walioshikana mikono kupitia karatasi iliyopita posta.

Basi na sisi tukatengeneza karatasi yetu. Siku hizi posta ya kutuma vijarida nani anayo, tukatumia grupu la WhatsApp. Kila Ijumaa jioni tunatuma fumbo moja la bao, picha ya ubao na kete zikiwa zimepangwa, na swali. Mfano, uko kwenye kunamua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete ubaoni, nyumba yako ina kete 9, mpinzani amekuacha na kichwa kitupu upande wa kushoto, unakula wapi na ukifika nyumbani unalala au unasafiri? Watu wakawa wanajibu kwa sauti, wengine dakika 5 nzima anakuchambulia, wazee waliokuwa hawajui kutumia simu wanawaambia wajukuu wawarekodie. Ubishi unaanza Ijumaa unaisha Jumatatu. Mzee mmoja wa Zanzibar akaingizwa na mtoto wake, akawa anatuma mafumbo yake mwenyewe ambayo sijawahi kuyaona popote, mambo ya mtaji, yaani hatua ya pili kete zote zikishaingia ubaoni, mizunguko mirefu ambayo kichwa kinauma ukiifuata, na ndipo nilipogundua kwamba huyu mzee peke yake ana thamani kwenye biashara yetu kuliko ile oda ya hoteli.

Maana grupu lilipokua, oda zikaanza kubadilika sura. Vijana waliokuwa wamesahau bao wakataka kujifunza, na wa kujifunza anahitaji bao lake nyumbani. Mtu yuko Mwanza, yuko Doha, yuko Toronto, hana kijiwe karibu, anataka bao na anataka mtu wa kucheza naye. Hawa sio wa mapambo. Hawa wanarudi, wanauliza kete zikipotea wapate wapi, wananunua la pili wampe shemeji.

Livingstone na Jackson na wao walipata shida ya kupendwa kabla ya kuwa na sehemu. Anwani ya kwenye kijarida ilikuwa ya fleti, kwa hiyo watu wakawa wanakuja pale Bolingbroke Road wakidhani ni duka, wanagonga, wanauliza Games Workshop iko wapi, mwenye nyumba akachoka akawafukuza. Wakapata kachumba kadogo nyuma ya ofisi ya madalali wa nyumba, na hela ya kulipia ofisi na ya kulipia pa kulala kwa pamoja haikuwepo. Wakachagua ofisi. Wakalala kwenye gari la Steve, vani, kwa miezi kama 3, wakajiunga na klabu ya mchezo wa skwoshi iliyokuwa karibu ili wapate bafu la kuogea na kunyolea asubuhi.

Watu wakisikia hii ya vani wanapiga makofi, wanasema ona wenzetu walivyojitoa. Mimi nina maoni tofauti kidogo. Kilichonigusa ni kwamba walikuwa vijana, hawana watoto, hawana mama mgonjwa anayesubiri hela ya dawa mwisho wa mwezi, na bado waliweza kulala kwenye gari London bila mtu kuwauliza. Kwenye timu yetu mtu wa mahesabu ana watoto, fundi analea wadogo zake. Tulivyoambiwa na mwenye nyumba wetu kwamba kelele za jioni za watu wanaokuja kucheza zimezidi na tutafute pengine, hatukulala popote, tulihamishia jioni zile kijiweni kwa wazee, chini ya mwarobaini, wakatupokea, na bidhaa tukaziweka kwa dada yangu. Biashara ikaenda polepole zaidi lakini hakuna mtoto aliyekosa ada. Ningependa vijana wanaosoma hizi habari za Ulaya na Marekani wasione aibu kwa kwenda mwendo huo.

Sasa nije kwa John Peake, maana ndo aliyenifanya niandike.

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipoingia, kila kitu kwenye kampuni kikahamia huko. Barua zote zinauliza huo, hela yote inatoka huko, na Agosti 1976 Livingstone na Jackson wakaenda mpaka Lake Geneva kwenye Gen Con, ule mkutano mkubwa wa wachezaji alioanzisha Gygax 1968, wakarudi na mikataba ya michezo mingine ya kusambaza. Peake hayo mambo ya majoka na mapango hayakumvutia. Yeye alikuwa mtu wa mbao na michezo ya kale. Mwaka huo huo wa 1976 akaondoka. Ukisoma historia nyingi anapewa sentensi moja, John Peake hakupendezwa akatoka, nukta. Lakini lile jina lenyewe la kampuni, karakana ya michezo, ni kazi yake. Bila zile mbao hakuna sababu ya kijarida, bila kijarida Blume asingeandika. Mimi naamini alistahili aya nzima, na kwa kuwa wengine hawajampa, naiandika hapa.

Kwetu ilikuja hivi. Wanafunzi na akina dada kwenye grupu walianza kuomba mchezo wa kucheza watu wengi kwa wakati mmoja, bao ni la wawili, wengine wanabaki watazamaji. Kiukweli vijiwe vyetu vya bao vimekuwa vya wanaume miaka yote, na kuna mabinti walikuwa wanatupiga mafumbo vizuri tu ila hawawezi kwenda kukaa kijiweni. Tukatengeneza karata za vitendawili na masimulizi, mmoja anaanza kisa, anayefuata anavuta karata anaendeleza, wengine wanampinga. Tukachapisha chache kwa majaribio. Zikaisha haraka kuliko bao lolote tulilowahi kutengeneza, na oda za karata zikaanza kufunika oda za bao. Nikaona kwenye uso wa fundi kile ambacho nadhani kilikuwa kwenye uso wa Peake. Anakuja ofisini, sisi tunaongelea wino, gramu za karatasi, printa, yeye amekaa na patasi zake kwenye mkoba.

Kwa sababu nilikuwa nimeshaisoma ile ya 1976, nilimwita pembeni kabla halijawa jambo. Nikamuuliza, kaka, unataka nini hasa? Akaniambia anataka kuchonga, hataki vikao, hataki kuwa bosi wa mtu, na hataki bao lake liuzwe kwa bei ya punguzo ili kusukuma karata. Tukaandika. Bei ya bao anapanga yeye, jina lake linachomwa nyuma ya kila ubao, asilimia yake ya kampuni inabaki hata kama hatutauza bao hata moja mwaka mzima, na siku akitaka kutoka tunajua tunamlipa vipi. Alihamia karakana yake mwenyewe, yuko huru, na tunafanya kazi vizuri kuliko tulipokuwa chumba kimoja.

Na hili la kuandika sikulitoa London, nililitoa Lake Geneva. TSR ilianzishwa Oktoba 1973 na Gygax na rafiki yake wa tangu utotoni, Don Kaye, kila mmoja akatoa dola 1,000, alafu Blume akaingia na dola 2,000 ndo mchezo ukachapwa. Tarehe 31 Januari 1975 Don Kaye akafariki kwa moyo, ghafla, ana miaka 36. Theluthi ya kampuni ikawa mikononi mwa mjane, Gygax hana hela ya kuinunua. Ikabidi iundwe kampuni mpya mwaka huo huo, TSR Hobbies, na hela ikatoka kwa akina Blume, baba yake Brian akaweka dola 20,000, na kuanzia hapo familia ya Blume ikawa na hisa nyingi kuliko aliyeubuni mchezo. Miaka 10 baadaye, 1985, Gygax akatolewa kwenye uongozi wa kampuni yake mwenyewe. Watu wanasimulia ugomvi wa 1985, mimi macho yangu yanabaki kwenye Januari 1975, kwenye ile meza ya nyumbani kwa Kaye yenye maboksi ya kupanga, marafiki wawili ambao hawakuwa wamekaa kuulizana mmoja wetu akifa itakuwaje. Kwetu hilo swali linaonekana kama uchuro, mtu unamuuliza mwenzako habari za kifo na yuko mzima. Sisi tuliulizana, mbele ya mzee mmoja wa mtaa tunayemheshimu wote watatu, na wake wa wenzangu wanajua karatasi ilipo.

Kitu kingine walichofanya mapema ni kuwakutanisha watu uso kwa uso. Desemba 1975, mwaka haujaisha tangu waanze, wakafanya Games Day yao ya kwanza London, ukumbi wa Seymour Hall. Siku moja, meza, michezo, watu waliokuwa wanafahamiana kwa barua wanaonana. Na sisi tulifanya ya kwetu, Jumamosi, kwa wale wazee chini ya mwarobaini na maturubai ya kukodi, bao upande huu, karata upande ule, drafti katikati kwa sababu wenye drafti walikuja na ubao wao bila kualikwa na hatukuona sababu ya kuwakatalia. Yule mzee wa Zanzibar alivuka na boti ya asubuhi. Wale waliokuwa wanabishana naye kwa sauti za WhatsApp walipomuona walisimama wote, shikamoo kila upande, alafu akakaa akaanza kuwala mmoja mmoja, kete zinagonga mbao kwa kasi mpaka huoni vidole, na kila akimaliza mchezo anamrudisha yule kijana hatua kwa hatua, hapa ulinamua vibaya, hapa nyumba yako ulitakiwa uivunje mapema. Kuna binti wa chuo alimpeleka mbali sana, mzee akavua kofia akaiweka pembeni ndo akaendelea. Mauzo ya siku ile yalikuwa ya kawaida tu. Mauzo ya wiki zilizofuata ndo yalikuwa habari nyingine, kwa sababu kila aliyekuwepo alirudi mtaani kwake akitaka kuanzisha kijiwe.

Duka je? Hili naulizwa kila wiki, kaka mtafungua lini fremu Kariakoo, au Sinza. Games Workshop walifungua duka lao la kwanza Aprili 1978, pale 1 Dalling Road, Hammersmith, miaka 3 baada ya kuanza, na asubuhi ile ndo yule mzee wangu wa zamu ya usiku alikuwa kwenye foleni. Foleni ilikuwepo kwa sababu Owl and Weasel ilishafanya kazi yake ikazaa jarida kubwa zaidi, White Dwarf, lililoanza 1977, na wasomaji walikuwa wanasubiri mlango ufunguliwe. Mwaka 1979 wakashirikiana na Bryan Ansell kuanzisha Citadel, kiwanda cha visanamu kule Newark, na humo ndimo ilimotoka Warhammer, ule mchezo wao wa kupiganisha visanamu, 1983 na yote yanayoonekana leo. Gygax aliwahi kuwataka waunganishe kampuni zao mbili ziwe moja, wakakataa, na kwa jinsi TSR ilivyokuja kuyumba na mwisho ikanunuliwa 1997, nafurahi kwa niaba yao.

Sisi madalali wanataka kodi ya miezi 6 mbele, wengine mwaka, na kwa hela hiyo naweza kuchapisha karata toleo zima jipya na kulipia maturubai ya Jumamosi nyingi. Kwa hiyo hatufungui fremu kwa sasa. Tumekubaliana vijiwe vikifika vya kutosha nje ya Magomeni, viwe na watu wanaokuja kila wiki bila kuitwa, ndo tutakaa tena kuliongelea. Mwanza wameshaanza, Tanga wameshaanza, Morogoro wanatafuta sehemu yenye kivuli, na fundi ana oda za mabao yao kwenye foleni, ambazo kasema hatazikimbiza kwa ajili ya mtu yoyote kwa sababu mninga aliopata safari hii bado haujakauka.